Fre ya mutoto inanunua nini? Iniversite za serikali, manunuzi yao na kazi ya wanafunzi

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, mu nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi, baba na mama wanakaa kupiga hesabu moja tu: fre ya iniversite itatoka wapi? Mushahara wa mine uko na kazi nyingi: kodi ya nyumba, unga, dawa, wadogo wanaosoma primaire, ndugu waliobaki mu mugini. Na tangu serikali ilisimamisha kutuma cobalt inje mu mwezi wa pili wa mwaka 2025, kiisha ikaleta quota tangu tarehe 16 mwezi wa kumi, kila jamaa ilijifunza kwamba makuta ya mine inategemea maamuzi yanayokatwa mbali. Lakini fre haingoje. Mutoto asipolipa, haingie mu egzame.

Njo maana inafaa kuuliza maulizo mbili ambazo kwa kawaida hatuziulizi pamoja. Ya kwanza: iniversite inanunua vitu vyake namna gani? Ya pili: iniversite inatumikisha wanafunzi namna gani? Watu wengi wanafikiri ya kwanza ni mambo ya wakubwa wa biro, na ya pili ni mambo ya watoto wenyewe. Sisi tunaona ni mambo moja, juu kifuko ni kimoja. Franga inayopotea mu faktire ya karatasi, ni ile ile ingelipa mwanafunzi maskini anayefungua bibliyoteki asubui.

Kifuko kimoja, mikono mingi

Serikali inalipa mishahara ya profesa na watumikaji waliofikishwa mu listi ya Kinshasa. Lakini kila mutu anayefahamu iniversite zetu anajua kuko wale wanaoitwa «nouvelles unités» na «non mécanisés»: wanafanya kazi, wanafundisha, wanaandika karatasi, lakini mushahara wa serikali haujawafikia ao unafika nusu. Wale wanaishi na prime ya palepale, na ile prime inatoka mu fre ya wanafunzi. Mafuta ya groupe wakati kourant inakatika, karatasi, dawa za laboratwari, kutengeneza mabati ya auditwari: sehemu kubwa inatoka mu fre tena.

Basi, mwenye kulipa ni mzazi. Na mwenye kulipa ana haki ya kujua. Hatusemi iniversite ni ya wezi. Tunasema kifuko ambacho mikono mingi inaingia ndani, kinaomba sheria yenye kuonekana.

Sheria iko tangu 2010

Inchi yetu haikosi sheria. Sheria namba 10/010 ya tarehe 27 mwezi wa ine 2010 juu ya «marchés publics» inasema namna gani serikali, majimbo, miji na etablisma za serikali wanapashwa kununua. Iniversite ya serikali iko ndani. Kwa kifupi, sheria ile inaomba mambo haya.

Kwanza, mwenye kununua aandike mpango wa mwaka: tutanunua nini, lini, na kwa makuta gani. Pili, njia ya kawaida ni kuita wote wenye kuweza, kila mumoja alete bei yake mu bahasha, kiisha bahasha zifunguliwe mbele ya watu. Hii njo «appel d'offres». Tatu, kupatana na mutu mumoja tu bila kuita wengine, «gré à gré», si njia ya kawaida. Inaruhusiwa mu hali za pekee, sawa vile haraka ya kweli isiyongojea, ao kitu ambacho muuzaji ni mumoja tu, na inaomba ruhusa mbele ya kufanya. Ine, hairuhusiwi kukata soko moja kubwa vipande vipande ili kila kipande kibaki chini ya kipimo na kikimbie bahasha.

Kuko na mikono tatu iliyotengwa. Ndani ya etablisma kuko selile inayotayarisha soko. Inje kuko DGCMP, inayochunguza na kutoa ruhusa. Kuko tena ARMP, yenye kuangalia namna sheria inafuatwa na kupokea mashitaki ya mufanyabiashara aliyeshindwa na anaona alionewa. Mwenye kutayarisha, mwenye kuruhusu na mwenye kuhukumu si mutu mumoja. Ni sawa vile mu mine: mwenye kuweka baruti na mwenye kuchunguza kama njia iko salama hawapashwi kuwa mutu mumoja.

Mu mwaka 2024 inchi yote ilibishana juu ya bei ya visima vya maji vya serikali, «forages», mupaka mambo ikafika mbele ya Cour de cassation. Raia wa kawaida walifahamu siku ile kwamba ulizo la bei si la wenye diplome tu. Kila mama anayeuza ku soko anajua kuuliza: kitu hiki mwenzako anakitoa kwa ngapi?

Makuta inatoboka wapi

Sheria nzuri inaweza kulala mu kabati. Wenye kufahamu mambo ya manunuzi, katika inchi yoyote, wanajua matundu tatu.

Tundu la kwanza ni kukata vipande. Badala ya kununua karatasi za mwaka muzima mara moja na kuita wauzaji wote, kila fakulte, kila biro inanunua kidogo kidogo. Kila faktire ni ndogo, haina mutu anaishangaa. Lakini mwisho wa mwaka jumla ni kubwa, na bei ni ya rejareja.

Tundu la pili ni haraka ya kujitengenezea. Kila mutu anajua egzame itakuwa mwezi gani. Lakini wanangoja mupaka wiki ya mwisho, kiisha wanasema: hakuna wakati wa kufungua bahasha, tununue kwa yule tunayemujua. Haraka ile haikuanguka kutoka mbinguni.

Tundu la tatu ni karatasi tatu za bei kutoka mukono mumoja. Kwa vitu vidogo, wanaomba bei ku wauzaji watatu. Ni vizuri. Lakini kama majina matatu ni ya duka moja, ao ya shemeji watatu, mashindano ni ya mu karatasi tu.

Tuweke mufano wa kufikiri, si habari ya iniversite fulani. Tuseme mashini ya kuchapa inauzishwa dola 600 mu muji, na iniversite inailipa dola 900. Kwa mashini 20, tofauti ni dola 6000. Kama fre ya mwanafunzi mumoja ni dola 300, ile tofauti ni fre ya wanafunzi 20. Jamaa makumi mbili walibana tumbo mwaka muzima, na makuta yao haikununua hata karatasi moja. Njo uzito wa jambo hili.

Wakubwa wa iniversite nao wana maneno

Tukitaka kuwa wa kweli, tusikilize na upande mwingine. Wenye kuongoza iniversite wanasema: sheria ni ndefu. Dawa ya laboratwari ikikosekana leo, wanafunzi wa metalurji hawafanye travaux pratiques, na soko la bahasha linaweza kuomba miezi. Wanasema tena: serikali inachelewa kutuma makuta ya fonksionema, basi tunanunua deni. Na muuzaji anayejua atalipwa kisha miezi sita anaongeza bei, juu na yeye ana watoto.

Maneno yale ni ya kweli nusu. Juu ya kuchelewa kulipa, ni ya kweli kabisa: bei kubwa si wizi kila mara, mara nyingine ni bei ya woga. Reforme inayoongeza paka saini na tampo haitashusha bei. Itaongeza mulango mwingine wa kupita na bahasha ya pembeni. Lakini juu ya haraka, jibu liko mu sheria yenyewe: mpango wa mwaka. Iniversite inajua mu mwezi wa kumi itahitaji nini mu mwezi wa sita. Inaweza kuita wauzaji mara moja, kupatana nao bei ya mwaka muzima, kiisha kuomba mzigo kidogo kidogo kila mara inapohitaji. Kwa namna hii dawa ya laboratwari inafika mbio na bei haibadilike kila wiki.

Kuko na njia nyingine: kununua pamoja. Lubumbashi peke yake iko na UNILU, ISP, ISC, ISTM, zote za serikali, zote zinanunua karatasi, wino, mafuta na kompyuta. Kolwezi na Likasi ziko na iniversite zao. Kila moja ikienda peke yake ku duka, ni muteja mudogo. Zikienda pamoja, muuzaji ataheshimu. Ufaransa wana UGAP, ofisi ya serikali inayonunua kwa wingi, na iniversite inaweza kuchukua kule kwa bei iliyokwisha kupatanwa. Sisi hatuhitaji kujenga ofisi kubwa. Inatosha rekta na wakurugenzi wa muji mumoja kukaa pamoja na kusaini mapatano ya vitu vitano vinavyokula makuta zaidi.

Mwanafunzi anafanya kazi, lakini ni nani?

Sasa tuje ku ulizo la pili. Mu iniversite zetu wanafunzi wanafanya kazi nyingi. Kuko anayesaidia mu bibliyoteki. Kuko anayepanga vyombo vya laboratwari. Kuko anayeingiza majina mu kompyuta siku za kujiandikisha, anayefundisha wadogo wa mwaka wa kwanza hesabu, anayebeba viti. Wengine wanapewa kitu kidogo, wengine wanaambiwa: «utapata experience». Hakuna karatasi, hakuna saa iliyohesabiwa, hakuna bei.

Salongo ni kitu kingine. Salongo ni kazi ya wote, siku moja, kwa mazuri ya wote, na sisi tunaiheshimu. Lakini mutu mumoja anayekuja kila siku saa tatu, mwaka muzima, kufanya kazi ambayo ingelipwa kama ingefanywa na mwingine, ile si salongo. Ile ni kazi.

Wasomaji wetu wa mu mine wanafahamu hii kuliko wengi. Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inasema kontra inapashwa kuandikwa, na kama haikuandikwa, inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho mupaka mutu aonyeshe kinyume. Inasema tena kwamba jurnalie aliyekwisha kufanya siku 22 mu miezi mbili, wakimuchukua tena mbele ya ile miezi mbili kuisha, kontra yake mupya inahesabiwa kuwa isiyo na mwisho. Ni wangapi kati yetu walisimamishwa ku siku ya 21? Tunajua mutego ule. Tusikubali watoto wetu waufundishwe ndani ya nyumba ya elimu.

Shida ni hii: Code inaongea juu ya mutumikaji, inaongea juu ya apprenti, lakini mwanafunzi anayetumika saa chache kati ya somo na somo anabaki katikati. Kwa sababu hiyo iniversite inaogopa kumuandikia kontra, na yeye anaogopa kuiomba.

Wengine wamefanya namna gani

Ufaransa walikuwa na shida inayofanana. Mu mwaka 2007 walitoa sheria juu ya uhuru wa iniversite, na decret ya tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 2007 ikapanga kazi ya wanafunzi ndani ya iniversite za serikali. Kontra inaandikwa, haipite myezi 12. Kazi zimetajwa: kupokea wanafunzi wapya, kusaidia wenye ulema, kufundisha wenzao, bibliyoteki, kompyuta na kadhalika. Saa zina mwisho: saa 670 kati ya tarehe 1 mwezi wa kenda na tarehe 30 mwezi wa sita, na saa 300 mu miezi ya saba na ya munane. Ukigawanya, mu mwaka wa masomo ni karibu saa 15 kwa wiki. Siku ya egzame, mwanafunzi hana deni la kazi. Na kuchagua kunafuata masomo na hali ya jamaa: mutoto wa maskini anayesoma vizuri anapita mbele.

Marekani, tangu 1964, serikali ya pale inasaidia iniversite kulipa mishahara ya wanafunzi wenye jamaa zisizo na uwezo, na iniversite inaongeza sehemu yake. Mawazo ni moja: badala ya kumupa mutoto sadaka ao kumufukuza, umupe kazi yenye kipimo.

Hatusemi tuige yote. Inchi zile ziko na makuta mengine. Lakini vitu vitatu havina bei kubwa: karatasi iliyoandikwa, saa zenye mwisho, na namna ya kuchagua inayojulikana na wote.

Hatari ziko pia

Ya kwanza: upendeleo. Kama kazi ya bibliyoteki itapewa na mutu mumoja peke yake nyuma ya mulango, tutaona wapwa wa wakubwa mbele. Kwa binti zetu, hatari ni kubwa zaidi, na kila mama anafahamu tunasema nini. Njo maana kuchagua kufanywe na watu kadhaa, listi ibandikwe ku ukuta, na mwanafunzi asitumikie profesa anayemupa point.

Ya pili: point zenyewe. Hakuna mwanafunzi anayepashwa kugusa kopi ao kuingiza point za wenzake. Kazi ile ni ya watumikaji walioapa, kwisha.

Ya tatu ni ya watumikaji wa sasa. Baba anayefagia auditwari miaka kumi bila mushahara wa Kinshasa asifukuzwe juu mwanafunzi ni rahisi. Wana-sendika wa mine wanajua mukenge huu: sou-tretan anakuja, bei inashuka, mutumikaji wa zamani anarudi nyumbani. Reforme ya kazi ya wanafunzi iseme wazi kwamba inaongeza mikono fasi zisizo na mutu, haichukue kazi ya mutu.

Makuta itatoka wapi?

Hapa maulizo mbili zinakutana. Tukirudi ku mufano wetu wa mashini: dola 6000 zilizookolewa, kama mwanafunzi analipwa dola moja na nusu kwa saa, ni saa 4000 za kazi. Ni wanafunzi 20, kila mumoja saa 200 kwa mwaka, na kila mumoja anapata dola 300, fre yake nzima. Hesabu ni ya mufano, lakini njia ni ya kweli: kila soko linalofanywa wazi linaweza kuzaa kazi yenye kontra.

Tena, kuko vitu iniversite inanunua inje ambavyo wanafunzi wake wanaweza kufanya. Polytechnique inafundisha watu wa kourant na mashini. Kutengeneza kompyuta za fakulte kunaweza kuwa kazi yao, na mwalimu mumoja anaangalia. Mutoto anatoka pale na diplome na karatasi inayoonyesha alitumika. Ku mulango wa mine, sote tunajua ulizo la kwanza ni lipi: ulitumika wapi?

Wazazi wanaweza kuomba nini

Reforme haitateremka peke yake kutoka Kinshasa. Kuko mambo ine yenye kuombwa hapa hapa, bila kungoja sheria mupya. Iniversite ibandike mpango wake wa manunuzi ya mwaka mahali kila mutu anaweza kuusoma. Kisha kila soko, ibandike jina la aliyeshinda na bei, ili wafanyabiashara wa muji wapime. Iandike rejistre ya wanafunzi wote wanaotumika, saa zao na malipo yao. Na malipo yale yatolewe mu mukono ama yakatwe ku fre, kwa kuchagua kwa mwanafunzi, na risiti.

Wana-mine wako na nguvu moja ambayo wengine hawana. Code minier ya 2018 inatoa 15% ya redevance kwa miji, ma-sheferi na sekta zenye mine, na inaomba kampuni kuweka 0,3% ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazokaa karibu. Pale wajumbe wa jamii wanapokaa kupanga makuta ile, na kama wanataka kusaidia wanafunzi wao ao kununulia iniversite vyombo, waweke sharti: tutasaidia iniversite inayoonyesha bei zake na inayoandikia wanafunzi wake kontra. Sendika nazo, zikiomba kampuni msaada wa masomo ya watoto wa watumikaji, ziombe jambo lile lile.

Rekta mwema hatakuwa na woga na maombi haya. Yatamusaidia kusema hapana kwa wale wanaomupigia simu usiku juu ya soko. Na mufanyabiashara mwaminifu wa Kenya ao wa Kamalondo, mwenye duka ndogo na bei nzuri, atapata mara ya kwanza nafasi ya kuleta bahasha yake.

Mzazi anayelipa fre mu mwezi huu hawezi kubadilisha bei ya cobalt. Lakini ku gishe, kisha kuchukua risiti, anaweza kuuliza kwa heshima: mpango wa manunuzi wa mwaka huu umebandikwa wapi? Mutu mumoja akiuliza, watacheka. Wazazi mia moja wakiuliza mu wiki moja, mutu atatafuta misumari.